Anga ni ya wote, mbona wanaamua wachache?

Alasiri ya Desemba 30, 2024, wakati wengi wetu tulikuwa ushago tukimalizia mapochopocho ya Krismasi, chuma kilianguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Ilikuwa pete kubwa, upana wake kama mita 2.5 na uzito wake kama kilo 500. Maafisa wa Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, walifika, wakaichukua, na baada ya kuitazama wakasema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kwa kawaida pete kama hiyo hutarajiwa kuungua inaporudi duniani, au kuangukia mahali pasipo na watu, kama baharini. Hii haikuungua na haikufika baharini. Ilikuja Makueni. Bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Mtandaoni tulifanya kile Wakenya tunajua kufanya: tukacheka. Lakini vicheko vikiisha swali linabaki, na si swali la kuchekesha. Hiyo kitu ilikuwa ya nani, na ni nani aliyetuuliza kabla ya kuirusha juu ya vichwa vyetu? Taarifa ya kwanza ya KSA ilitaja aina ya kifaa. Jina la mwenyewe halikuwemo.

Wale wanaokaa kwa ploti za ghorofa wanaelewa hii stori haraka. Mpangaji wa juu kabisa akimwaga maji machafu dirishani, yanaishia kwa nguo alizoanika yule wa chini. Wa chini anaweza kupiga kelele, lakini kwanza ajue ni dirisha gani. Akishajua, apande ngazi aende kubisha. Na akifika huko juu anaweza kuambiwa tu, "Pole, sikukuona." Mambo ya anga za juu leo yanaendeshwa karibu hivyo hivyo. Wako wachache wa juu, wenye roketi, na tuko wengi wa chini, wenye vichwa.

Msimamo wangu ni huu: teknolojia inayoweza kuumiza watu wa nchi yoyote haifai kuamuliwa na nchi chache na kampuni mbili tatu. Anayebeba hatari awe na sauti kabla ya uamuzi, si pole baada ya ajali. Na huhitaji digrii ya uhandisi kusema hivyo. Mimi sina hata moja.

Sheria ziko, lakini ni za enzi za babu

Si kweli kwamba huko juu hakuna sheria. Mkataba wa Anga za Juu ulianza kutumika Oktoba 1967. Unasema anga za juu ni uwanja wa binadamu wote. Hakuna nchi inayoruhusiwa kudai mwezi au sayari kuwa shamba lake, na hakuna ruhusa ya kuweka silaha za nyuklia kwenye mzunguko wa dunia. Unasema pia kwamba serikali inawajibika kwa kile ambacho kampuni zake binafsi zinafanya huko juu. Mwaka wa 1972 ukaja mkataba wa fidia. Huo unasema chombo kikiangukia watu au mali hapa chini, nchi iliyokirusha italipa, hata kama haikufanya uzembe wowote. Kenya ni mwanachama wa mikataba yote miwili.

Kwa karatasi, sheria tamu kabisa. Shida inaanza ukijaribu kuitumia.

Kwanza, mkulima wa Mukuku hawezi kudai fidia mwenyewe chini ya mkataba huo. Ni serikali inayodai kwa niaba yake, kwa njia za kibalozi. Serikali ikiamua haitaki kugombana na mkubwa fulani, au iko na mkopo inaomba hapo, stori inaishia hapo. Pili, lazima mwenye chombo ajulikane, na dai lipelekwe ndani ya mwaka mmoja tangu ajali itokee au tangu mwenyewe ajulikane. Tatu, wakishindwa kuelewana, tume ya madai inaweza kuundwa, lakini uamuzi wake ni wa lazima tu kama pande zote mbili zilikubali hivyo. La sivyo ni mapendekezo. Yaani unashinda kesi halafu unaambiwa ushindi wako ni ushauri.

Mfano mkubwa tulio nao ni wa Januari 1978. Setilaiti ya Muungano wa Kisovieti iliyoitwa Cosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia ndani yake, ilianguka kaskazini mwa Kanada na kutapanya vipande vyenye mionzi kwenye theluji. Kanada ilidai takriban dola milioni 6 za Kanada kwa kazi ya kutafuta na kusafisha. Mwaka wa 1981 Wasovieti wakakubali kulipa milioni 3. Nusu. Na hiyo ni Kanada, nchi tajiri, yenye wanasheria wake na marafiki wakubwa. Sasa weka Makueni hapo ujifanyie hesabu.

Nguvu kubwa, mikono michache

Pete ya kilo 500 ni kitu kidogo ukilinganisha na yale mengine yanayofanyika huko juu. Tazama historia.

Julai 1962, Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatoni 1.4 juu ya Bahari ya Pasifiki, kama kilomita 400 kutoka ardhini. Lilikuwa jaribio. Huko Hawaii, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo, baadhi ya taa za barabarani zilizimika. Setilaiti kadhaa ziliharibika, ikiwemo Ariel 1, setilaiti ya kwanza ya Uingereza, ambao ni marafiki wao wenyewe. Mwaka uliofuata, 1963, ndipo mkataba wa kupiga marufuku milipuko kama hiyo angani ukatiwa saini. Angalia mpangilio wa mambo: kwanza wakalipua, halafu wakaandika sheria.

Januari 2007, China ilipiga setilaiti yake yenyewe ya zamani kwa kombora kuonyesha kwamba inaweza. Vipande zaidi ya 3,000 vikubwa vya kutosha kufuatiliwa kutoka ardhini vilitapakaa. Marekani imewahi kupiga zake, 1985 na 2008. India ikafuata Machi 2019. Novemba 2021 Urusi ikapiga yake, na vipande zaidi ya 1,500 vikatokea. Watu saba waliokuwa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga walilazimika kujificha ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani, wakingoja kuona kama wingu la vyuma litawapita salama. Kati ya hao saba, wawili walikuwa Warusi. Hata wako mwenyewe hawapo salama ukianza kurusha mawe kwa nyumba ya vioo.

Utauliza: hiyo inanihusu nini mimi na bando yangu? Inakuhusu. Vipande hivyo vinazunguka dunia kwa kasi ya kama kilomita 28,000 kwa saa, na kwa kasi hiyo hata kipande kidogo kama nati kinaweza kuua setilaiti. Setilaiti iliyokufa inaweza kuzaa vipande vingine. Katika njia hizo hizo za chini ndiko ziko setilaiti zinazopiga picha za mafuriko, za mashamba yanayokauka kule kaskazini, na zile za intaneti. Waliochafua ni wanne. Watakaokosa huduma ni sisi wote, na ambaye hana setilaiti mbadala ndiye ataumia zaidi. Fahali wakipigana, nyasi ndizo huumia, na hapa nyasi ni sisi.

Dunia ilijaribu kusema kitu. Desemba 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio la kuzitaka nchi zisifanye majaribio ya kuvunja setilaiti kwa makombora. Nchi 155 zilisema ndiyo. Tisa zilisema la. Ni ushindi mkubwa, ila azimio la Baraza Kuu halimfungi mtu mikono. Ni kauli tu. Kisha Aprili 2024, Baraza la Usalama likaletewa azimio la kuzikumbusha nchi zisiweke silaha za nyuklia angani, kitu ambacho tayari kimepigwa marufuku tangu 1967. Nchi 13 kati ya 15 ziliunga mkono. China haikupiga kura upande wowote. Urusi ikatumia kura ya turufu, na stori ikafa hapo. Mkono mmoja ukainuka, mingine 13 ikawa haina maana.

Na kabla hujasema nawasema Warusi tu, kumbuka kura ya turufu wanayo watano. Leo ni huyu, kesho ni yule. Tatizo ni mfumo unaompa mmoja breki ya gari ambalo wote tumepanda.

Intaneti ikitoka juu, swichi iko kwa nani?

Siku hizi si serikali peke yake. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na kusema ukweli imesaidia. Kuna mahali waya za intaneti hazingefika hivi karibuni, na sasa mtu anaweka sahani kwa mabati na anafanya kazi. Mimi si mmoja wa wale wanaopinga kila kitu kipya. Kijana anayepata riziki mtandaoni akiwa Lodwar hahitaji hotuba zangu, anahitaji laini.

Lakini lazima tuulize swichi iko wapi. Mwaka wa 2022, vita vya Ukraine vikiendelea, Waukraine waliomba huduma ya Starlink iwashwe kuelekea Crimea. Elon Musk mwenyewe alisema hadharani mwaka uliofuata kwamba alikataa, kwa sababu kampuni yake ingekuwa imeshiriki katika shambulio kubwa dhidi ya meli za Urusi. Huenda alikuwa sawa. Huenda hakuwa. Hoja yangu si kama alichagua vizuri. Hoja yangu ni kwamba mtu mmoja, ambaye hakuna raia yeyote aliyempigia kura, alikuwa na uamuzi wa vita mkononi mwake, na hakukuwa na meza yoyote ya kimataifa ambayo swali lile lilipaswa kupita kwanza.

Nchi ikishategemea laini kutoka juu kwa shule zake, hospitali zake na biashara zake, swali la nani anaweza kuizima, kwa sababu gani, na baada ya notisi ya muda gani, si swali la kibiashara tena. Ni la utawala. Hapa nyumbani mamlaka ya mawasiliano inaweza kutoa leseni na kuweka masharti, na hiyo ni nzuri. Lakini setilaiti zenyewe zinapata leseni ya kurushwa kwao, kwa sheria za kwao, zilizopitishwa na wabunge wa kwao. Sisi tunapitiwa tu juu ya kichwa.

Jiwe likija, nani atashika usukani?

Sasa tufike kwa ile inayoninyima usingizi. Siku tatu kabla ya pete kuanguka Mukuku, yaani Desemba 27, 2024, darubini moja nchini Chile iligundua asteroidi, jiwe linalolizunguka jua, likapewa jina 2024 YR4. Upana wake ni kama mita 60. Haliwezi kumaliza dunia, lakini linaweza kuharibu jiji. Kufikia Februari 2025, hesabu zilionyesha kulikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 3 kwamba lingegonga dunia Desemba 22, 2032. Baadaye vipimo vilivyo bora vikashusha uwezekano huo hadi karibu sufuri. Tukapumua.

Wengi wetu hatukuangalia ramani. Wataalamu walichora ukanda ambao jiwe lingeweza kuangukia. Ulianzia mashariki mwa Pasifiki, ukapita kaskazini mwa Amerika Kusini, ukavuka Atlantiki, ukaingia Afrika, kisha Bahari ya Arabuni hadi Asia Kusini. Nigeria, Sudan na Ethiopia zilitajwa. Majirani zetu hao.

Habari njema ni kwamba binadamu amejifunza kusukuma mawe ya angani. Septemba 26, 2022, chombo cha Marekani kiitwacho DART kiligonga kwa makusudi jiwe dogo liitwalo Dimorphos, ambalo halikuwa tishio kwa mtu. Kabla ya hapo Dimorphos ilikuwa ikilizunguka jiwe mwenzake kwa saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa, muda huo ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Kazi safi. Naipigia makofi bila kinyongo.

Lakini fikiria hivi. Jiwe likiwa linakuja kwenye ukanda kama ule, ukilisukuma kidogo, sehemu litakayoangukia inasogea. Ukisukuma vya kutosha, linapita pembeni na dunia inasalimika. Ukisukuma kidogo kuliko inavyohitajika, au mtambo ukiharibika njiani, umelitoa jiwe kwa nchi moja ukalipeleka kwa nyingine. Nani atachagua lisogezwe upande gani? Nani atasema hatari ya kushindwa ibebwe na Wasudan au na Wahindi? Na katika mfano huu wa 2024 YR4, Marekani, nchi iliyoonyesha kwamba inaweza kusukuma jiwe, haikuwa kwenye ukanda ule.

Ukienda kwa sheria, unakuta shimo. Mkataba wa fidia wa 1972 unazungumzia madhara ya chombo kilichorushwa na binadamu. Jiwe halikurushwa na mtu. Likisogezwa likaangukia wewe, utadai kwa kifungu kipi? Kama njia iliyobaki ni bomu la nyuklia, mkataba wa 1963 unalikataza. Nani ana mamlaka ya kusema, "Safari hii tu tunaruhusu"? Miaka ya 1990, mwanaastronomia Carl Sagan alionya jambo lingine: anayeweza kulisukuma jiwe litoke kwetu, anaweza pia kulisukuma lije kwetu. Uwezo ni ule ule.

Baada ya kimondo kulipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, Februari 2013, na watu kama 1,500 kuumia, wengi kwa vioo vya madirisha, Umoja wa Mataifa ulisaidia kuunda makundi mawili. Moja linaunganisha wanaotazama mawe, lingine linaunganisha mashirika ya anga yanayoweza kupanga safari ya kulizuia. Yanafanya kazi nzuri. Ila la pili ni la kushauri, haliamui. Uamuzi wenyewe hauna mwenyewe, na uamuzi usio na mwenyewe huchukuliwa na mwenye nguvu.

"Lakini wao ndio wenye roketi"

Kuna wasee watasema: wao wanalipa, wao wanajua, sisi tukae kando. Mwenye nguvu mpishe. Na wengine watasema, ukiwaita watu wote, hakuna kitu kitafanyika. Wana hoja. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia matumizi ya amani ya anga za juu, inayokaa Vienna, ina wanachama zaidi ya 100, Kenya ikiwemo, na huamua kwa makubaliano ya wote. Kwa hiyo huenda mwendo wa kobe. Jiwe likiwa limebakisha miezi sita kufika, huwezi kungoja kila balozi amalize hotuba.

Ndiyo maana sisemi kila nchi ishike usukani. Kwa matatu, abiria hawaendeshi. Lakini abiria wanajua gari linaenda wapi kabla ya kupanda, nauli inajulikana, dereva ana leseni, na likipinduka kuna bima. Uhalali wa dereva hautoki kwa ukubwa wa injini yake. Unatoka kwa masharti ambayo abiria wanayajua na wameyakubali. Masharti hayo huandikwa wakati gari limesimama steji, si wakati breki zimekatika Salgaa.

Na usiniambie sauti ndogo haifanyi kitu. Desemba 3, 1976, nchi nane za ikweta zilikutana Bogotá, Kolombia: Brazili, Kolombia, Ekwado, Indonesia, Kongo, Zaire, Uganda na Kenya. Zilidai kwamba ile njia ya setilaiti iliyo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako setilaiti huonekana kama imesimama mahali pamoja, ni rasilimali yao. Wakubwa walikataa, na kwa sheria ya 1967 walikuwa na hoja, kwa sababu huwezi kusema anga ni ya wote halafu ukate kipande chako. Dai lile lilishindwa.

Lakini kelele ile, pamoja na ya nchi nyingine zinazoendelea, haikupotea bure. Katika mikutano ya Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ya mwaka 1985 na 1988, ulikubaliwa mpango wa kuhifadhia kila nchi nafasi yake katika njia ile, hata kama haikuwa bado na setilaiti. Kabla ya hapo kawaida ilikuwa wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuchukua. Walioenda Bogotá hawakupata walichoomba, lakini walibadilisha kanuni. Na Kenya ilikuwa pale.

Sisi si wageni wa mambo haya hata kidogo. Setilaiti zilirushwa kutoka pwani yetu, kwenye jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, tangu 1967. Desemba 12, 1970, kutoka hapo hapo, Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kutazama mionzi ya eksirei ya nyota. Kwa sababu ilikuwa Siku ya Jamhuri, iliitwa Uhuru. Neno letu limezunguka dunia. Aprili 2023 Taifa-1, setilaiti ya Kenya, nayo ikapanda, kwa roketi ya Marekani. Ikweta ni mali adimu kwa wanaorusha roketi. Hatuingii hapa tukiomba msaada.

Tunataka nini basi?

Kulalamika bila kusema unataka nini ni kupiga domo. Kwa hivyo haya ni yangu manne.

Moja, jina na taarifa. Kila anayerusha roketi aseme mapema ni sehemu gani zitarudi, lini, na kwa makadirio zitaangukia wapi, na vifaa vikubwa viwe na alama isiyoungua. Tukiokota chuma Mukuku, tujue mwenyewe ndani ya siku, si miezi.

Mbili, marufuku ya kuvunja setilaiti kwa makombora iwe mkataba wenye nguvu, si azimio la kupongezana. Nchi 155 tayari zimesema ndiyo. Hizo zinaweza kuanza kutiliana saini bila kungoja tisa zilizokataa.

Tatu, kuhusu mawe ya angani, masharti yaandikwe sasa, wakati hakuna jiwe. Nchi zilizo kwenye ukanda wa hatari ziwe ndani ya chumba uamuzi ukifanywa. Anayesukuma kwa nia njema na kwa masharti yaliyokubaliwa asiogope kushtakiwa, na atakayeangukiwa kwa sababu ya kusukuma huko alipwe na mfuko wa dunia nzima, bila kuzungushwa.

Nne, hapa nyumbani. Afrika sasa ina Shirika la Anga za Juu la Umoja wa Afrika, lililofunguliwa rasmi Cairo mwaka wa 2025. Nchi 55 zikisema kitu kimoja haziwezi kupuuzwa kama nchi moja. Kenya iingie huko na msimamo ulioandikwa, na msimamo huo upite bungeni ambako tunaweza kuusoma, kuupinga au kuuboresha. Huwezi kudai dunia ikusikize kama wewe mwenyewe huwasikizi watu wa Makueni.

Hili la mwisho ni letu vijana. Desemba 2032 wengi wetu tutakuwa na watoto wa shule. Sheria zitakazowalinda au kuwaacha zinajadiliwa katika mikutano ya Vienna kila mwaka, na Kenya ina kiti chake pale. Mwulize mbunge wako swali moja tu: katika mkutano uliopita, mjumbe wetu alisema nini kwa jina letu? Kama hajui, mwambie aende akaulize, arudi na jibu. Na akirudi bila jibu, 2027 si mbali.